Wasifu wa Betri ya Mwanahawa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta. Tena sikuwa mjinga wa kawaida, wa kuuziwa mbuzi mgonjwa au kupanda basi la Arusha akidhani linakwenda Tanga. Nilikuwa mjinga mwenye kitambulisho shingoni, suti nyeusi ya kuazima na kipaza sauti cha serikali.

Mwajiri wangu alikuwa Mamlaka ya Uwazi wa Athari za Betri, iliyozinduliwa kwa ngoma, kwaya na tangazo lifuatalo: "Kuanzia leo, hakuna mlaji yeyote wa chombo cha umeme, awe mnunuzi, abiria au mwomba lifti, atakayekitumia chombo hicho kabla ya kufahamishwa, kwa sauti na kwa ukamilifu, madhara ambayo betri yake imeyafanyia mazingira tangu kuzaliwa hadi kufa."

Lushoto tulilipokea tangazo kwa utulivu mkubwa. Lilizuka swali moja tu, la Athumani, dereva wa bodaboda ya petroli hapa stendi.

"Mlaji? Nani kala betri?"

Mamlaka haikumjibu, kwa kuwa swali halikuletwa kwa maandishi.

Msidhani kanuni zilitungwa ovyo. Zilitungwa hotelini. Malori ya dizeli, magari ya wakubwa na pikipiki za petroli vyote vilisamehewa, na Mkurugenzi wetu, Dokta Valentino, alitufafanulia sababu kwenye semina. Moshi wa dizeli, alisema, ni tamko linalojitosheleza. Unaonekana, unanuka, unaingia machoni. Mlaji hana alichofichwa. Lakini betri ni nyamavu, na kinachonyamaza lazima kihojiwe. Tulipiga makofi mpaka sambusa zikapoa.

Jina langu ni Hezekia. Dunia imenilea kwa makofi ya aina nyingine. Nimewahi kumkopesha kabichi mnunuzi wa Dar es Salaam ambaye simu yake mpaka leo haipatikani. Nimepiga debe Mombo hadi sauti ikawa ya kutwangia kokoto. Nimefuga kuku, wakafa kwa kideri wakiwa ndiyo kwanza wameanza kunizoea. Kwa hiyo Mamlaka ilipotafuta Msomaji wa Tamko, Kanda ya Milima, mtu mwenye sauti nzito na asiye na maswali, niliona Mungu hatimaye amefika kwenye jina langu. Sauti ninayo, naimba besi kanisani. Maswali nilikuwa nayo, ila nilikuwa na njaa pia.

Kanda ya Milima yote ilikuwa na chombo kimoja cha umeme: bajaji ya Mwanahawa.

Mwanahawa alikuwa mwanamke wa Mazinde, kule chini barabara kuu, aliyepanda huku kutafuta riziki. Wenyeji wengi walikuwa hawajamjua. Bajaji yake ilikuwa ndiyo shamba lake, ndiyo ng'ombe wake, ndiyo ada ya wanawe. Alikuwa akipakia abiria na matenga ya mapeasi, anateremka nayo kuelekea Soni, na katika zile kona, kila akishika breki, umeme unarudi kwenye betri. Akifika Soni betri imeshiba kuliko alivyoiwasha. Athumani alisema huo ni uchawi. Mimi, kwa nafasi yangu, nilisema ni uchawi ambao haujatamkwa, kwa hiyo ni kosa.

Adhabu ilikuwa wazi. Abiria akipanda kabla Tamko halijasomwa lote, bajaji inahesabiwa kuwa Chombo chenye Kificho, inafungwa kamba na kuvutwa hadi kwenye yadi ya Mamlaka kule Tanga. Yadi hiyo vitu huingia kwa magurudumu na hutoka kwa kilo, kama vyuma chakavu. Mwanahawa alikwisha kupewa onyo, baada ya mwalimu mmoja kuruka chini katikati ya aya ya Tamko inayohusu maji na kukimbilia kwa Athumani.

"Onyo ni moja tu, dada," nilimwambia. "Linalofuata ni kamba."

"Kaka Hezekia, wewe ukisoma, mapeasi yangu yanaiva."

"Uwazi hauna haraka."

"Peasi linayo."

Nilimsikitikia kwa namna inayoruhusiwa na mkataba wangu.

Kisha likaja Bango la Uwazi, limeletwa na lori lililokohoa kila kona kutoka Mombo. Bango lilikuwa pana kuliko bajaji. Wataalamu waliona neno "betri" ni la mtaani mno, wakalitumia mara moja tu, kwenye aya ya kwanza: "Betri ya chombo hiki, ambayo kuanzia hapa itaitwa Mhusika." Baada ya hapo ni Mhusika hivi, Mhusika vile, hadi chini. Kwa bahati mbaya itifaki inataka kila bango la umma liwe na picha ya kiongozi, na picha ya Dokta Valentino ilikuja kubwa kuliko nafasi yake. Wakaibandika juu ya aya ya kwanza. Nilipouliza, niliambiwa kwamba aya ni maneno tu, lakini picha ni uongozi.

Ilikuwa picha nzuri. Amevaa suti, anatabasamu kwa mbali kama aliyewasamehe wote, nyuma yake maua, na kuzunguka picha yote mstari mweusi mnene.

Siku ya soko nikasimama kando ya bango, suti yangu nyeusi imenyooka, bajaji pembeni, Mwanahawa ameiegemea mkono shavuni akiwaza matenga yake. Nikasoma kwa besi.

"Mhusika alitoka mbali. Alipatikana kwa taabu kubwa na kwa machozi ya wengi. Alipitia moto mkali. Alivuka bahari. Katika maisha yake alitumia maji mengi sana. Alitumika kwa uaminifu, ingawa nguvu zake zilikuwa zikipungua siku hadi siku..."

Hapa naomba msomaji awe mkweli kuliko mimi. Mtu mwenye suti nyeusi. Picha ya bwana mmoja kwenye mstari mweusi. Sauti nzito inayosimulia alikotoka na alivyodhoofika. Mwanamke pembeni, mkono shavuni. Mtoto yeyote wa milima hii, hata wa darasa la awali, anajua hapo panasomwa nini. Mimi niliyesikia wasifu wa marehemu kwenye kila maziko tangu nijue kutembea, niliona uhamasishaji wa umma.

Wanaume wakaanza kuvua kofia. Nikasema moyoni: elimu inaingia. Wanawake waliotoka Kwai na maziwa wakatua ndoo, wakajitanda khanga, wakaketi. Mtu akaleta mkeka. Athumani akazima pikipiki na kuisukuma kwa miguu. Bibi mmoja, Bibi Esta wa Kwai, ambaye hajakosa msiba tangu wakoloni, akanisogelea nilipokuwa nameza mate, akanisalimu kwa Kisambaa.

"Onga mshi, mwanangu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Aliteseka sana?"

"Sana, bibi. Hasa kwenye milima. Kupanda kulimchosha."

"Maskini. Na atazikwa wapi?"

Niliguswa. Wazee wetu wana adabu, nikawaza, hata betri wanaiuliza kama mtu. Tena lilikuwa swali la maana, na Tamko halikuwa na jibu lake. Tamko lilieleza kila shimo ilikotoka betri, ng'ambo ya bahari, kwa herufi kubwa. Ikifa itatupwa wapi huku kwetu, iliandikwa kwamba "hatima yake itaainishwa na mamlaka husika", na mamlaka husika ilikuwa sisi.

"Bado, bibi. Wakubwa wanatafuta eneo."

"Bado? Na huku ameshakufa?"

"Taratibu ni ndefu."

"Waambie wasimzike juu ya chemchemi. Sisi tunakunywa hapo."

"Nitawasilisha."

Alitikisa kichwa, akaenda kwa Mwanahawa na kumwekea miguuni kikapu cha maharage. Mwingine akaleta sukari. Mwingine kuni, mzigo mzima, akautua bila neno kama inavyotakiwa.

"Jamani, hiki nini?" Mwanahawa akauliza.

"Pole, mama. Kazi ya Mungu."

"Mimi sijafiwa!"

"Ni mshtuko," mama mmoja akamnong'oneza mwenzake. "Mwache. Mimi alipoondoka baba Alen nilisema hivyohivyo, nikampakulia na chakula."

"Athumani!" Mwanahawa akaita. "Wewe unanijua. Hebu waambie watu ukweli."

Athumani akavua helmeti, akaiweka kifuani. Akainamisha kichwa kwa uchungu ambao sijawahi kuuona kwa mtu mwenye madeni machache kama yake.

"Ndiye mjane mwenyewe," akasema. "Na walipendana."

Mwanahawa akanijia akiwa mwekundu wa hasira. "Hezekia, watu wananipa pole na maharage!"

"Pokea, dada. Hiyo ni fidia ya athari."

"Fidia gani? Mimi nataka kwenda Soni!"

Hakwenda. Kila alipowasha, wanawake walimtoa kwenye usukani. Utaendeshaje na uchungu huo? Mjane anafanyaje kazi na maiti haijapatiwa kaburi? Mapeasi yakalainika kwenye tenga, nyuki wakaja nao kutoa pole.

Mimi nikaandika taarifa. Nilieleza kwamba wananchi wa Lushoto wamesikiliza Tamko lote wakiwa wameketi, wamevua kofia, baadhi wakilia, na kwamba hakuna aliyeondoka. Makao makuu walishangaa. Kanda nyingine zote wasomaji walikuwa wakirushiwa maganda ya ndizi. Dokta Valentino akaamua kuja mwenyewe siku ya soko iliyofuata, pamoja na mpiga picha na askari mmoja wa Mamlaka, aje aone matunda.

Siku hiyo ilipofika, habari ilikuwa imepita vijiji vyote. Walikuja watu wengi kuliko siku ya soko la sikukuu. Mwanahawa alikuwa amefika mwisho wa subira. Alipakia tenga jipya, akaniangalia usoni.

"Leo naondoka. Usome, usisome."

"Ukiondoka kabla ya neno la mwisho, kamba. Bajaji inakwenda Tanga, nawe unabaki na maharage."

"Nikibaki, mapeasi yanaoza tena, na wenzangu walioniamini na mzigo wao hawataniamini tena. Nichague lipi?"

Tamko halina aya ya namna hiyo. Nikafungua kipaza sauti.

Nilikuwa nimefika kwenye moto mkali tulipoliona gari likija kutoka upande wa Soni. Kubwa, jeusi, vioo vyeusi, nyuma yake moshi usiohitaji maelezo.

"Ndugu wa marehemu hao," mtu akasema. "Wamemleta."

Watu wakafungua njia. Vijana wenye nguvu wakajipanga safu mbili nyuma ya gari, mikono tayari kupokea jeneza. Mpiga picha akafurahia sana mpangilio ule. Mlango wa mbele ukafunguliwa, akashuka bwana wa kwenye picha.

Ukelele uliopigwa pale nadhani ulisikika Mombo. Mwanamke mmoja alijitupa nyuma ya viazi. Vijana wa jeneza walitawanyika kila mmoja na njia yake. Bibi Esta peke yake hakusogea, alikaza macho.

"Ni pacha wake," mzee mmoja akajaribu.

"Pacha wanafanana hadi kitambi?"

Dokta Valentino akapita mbele ya wazee waliokuwa mkekani, akaenda moja kwa moja kwenye bango, akajitazama, akaridhika. Minong'ono ikaanza nyuma yake.

"Hajaamkia mtu."

"Mtu aliye hai hawezi kuwapita wazee bila shikamoo."

"Basi si pacha. Ni yeye."

Akanipokonya kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Nimetoka mbali kuja kuwashukuru."

"Tumesikia ulikotoka," sauti ikajibu. "Pole kwa moto."

Mkurugenzi akatabasamu, akidhani wamezungumzia joto la Mombo. Mzee wa mkekani akanyoosha mkono kwa woga.

"Mheshimiwa, huko ulikokuwa pakoje?"

"Makao makuu? Pazuri. Kuna ubaridi, kuna utulivu. Kazi ni nyingi lakini."

Watu wakatazamana. Kumbe hata huko wanafanyishwa kazi.

"Na wenzetu waliotangulia? Umewaona?"

"Wote wapo," akasema Mkurugenzi kwa ukarimu. "Wengi wamepandishwa vyeo."

Mama mmoja akaanza kulia kwa furaha. Hapo nilimwona Athumani amejiinamia juu ya tangi la pikipiki, mabega yanamtetemeka kwa kicheko alichokizuia. Nikatazama suti yangu. Nikatazama picha. Nikautazama ule mstari mweusi.

"Na hivi vitu?" Mkurugenzi akauliza, akionyesha lundo la maharage, sukari na kuni.

Mwanahawa akamjibu polepole, kama anayemsomea mtu hukumu.

"Rambirambi zako, mheshimiwa. Wewe umekufa, mimi ni mjane wako. Sikuomba hata kimoja kati ya hivyo."

Mkurugenzi akanigeukia. Nilimweleza yote kwa ufupi, pamoja na aya ya kwanza iliyolala chini ya mashavu yake. Rangi yake ikabadilika mara kadhaa.

"Tangaza sasa hivi kwamba mimi ni hai!" akanirudishia kipaza sauti.

"Mheshimiwa, kanuni haziruhusu. Msomaji hasomi jambo lolote lisilo kwenye Tamko lililoidhinishwa."

"Nani aliyeidhinisha upuuzi huo?"

"Wewe, mheshimiwa."

"Basi ondoa..." Akaitazama picha. Mkono wake ulifika hadi kwenye kona ya karatasi, ukasita. Ilikuwa picha nzuri kweli. "Hapana. Picha haina kosa. Kosa ni la chombo. Bila bajaji hii pasingekuwa na betri, bila betri pasingekuwa na Tamko, na bila Tamko nisingefanywa marehemu. Chombo hiki kimezusha kifo cha kiongozi. Askari! Kamba!"

Askari akatoa kamba kwenye gari. Mwanahawa akasimama mbele ya gurudumu.

"Mheshimiwa, chukua maharage. Chukua kuni. Beba na huo uso wako ubaoni. Bajaji usiiguse. Wanangu wanakula humu."

"Sogea, mama."

"Sisogei. Kama unaweza kunifunga mimi kwanza, funga."

"Kwa mamlaka niliyonayo," akasema Mkurugenzi, "nakutwaa."

Sikujua kama anaiambia bajaji au Mwanahawa. Bibi Esta alikuwa ameinuka mkekani, anakuja na fimbo yake, na midomo ilikuwa ikimcheza. Mimi nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti. Nikamsogezea mdomoni. Katika utumishi wangu wote serikalini, ndiyo kazi pekee ya maana niliyoifanya, na haikuwa kwenye mkataba.

"Mwanangu," sauti ya Bibi Esta ikajaa stendi nzima, "nimezika watu wengi. Nimeona kaka za marehemu wakimnyang'anya mjane shamba. Nimeona mawifi wakigombania sufuria na chai ya msiba ingali moto. Lakini marehemu kurudi mwenyewe, tena na kamba, aje ampore mjane wake? Hili ndiyo kwanza naliona leo."

Kicheko kikaanzia kwenye viazi, kikazunguka soko zima. Askari akautazama mkono wake, akaanza kuikunja kamba taratibu kama mtu anayekunja nguo za mwenzake.

"Mama!" Mkurugenzi akapayuka, mishipa imemsimama shingoni. "Nimeshasema, mimi sijafa!"

"Kama hujafa, mwanangu, ona haya," akasema Bibi Esta. "Asiyeona haya ni maiti."